Uzi: Raha ya pombe inatengenezwa wapi? Asetaldehaidi, dopamini na kiu isiyokatika

Mfamasia wa Kihonda

Wakuu, salaam kwenu.

Nyuzi za pombe humu huwa zinaishia kwenye ini. Ini limejaa mafuta, ini limesinyaa, fulani katapika damu. Ni kweli tupu, lakini hakuna anayekwenda baa kwa ajili ya ini lake. Anafuata kichwa. Naomba safari hii tukae kichwani: ile raha ya chupa mbili za mwanzo inatengenezwa na nini hasa, na inageukaje kuwa kiu ambayo mtu mzima mwenye akili zake anashindwa kuikata. Mimi ni mfamasia, dawa na sumu ndiyo shughuli yangu ya kila siku, na jambo hili linaniuma kwa sababu nawaona watu wakitukanwa kwa ugonjwa.

Kwanza pombe ikishaingia mwilini inakwenda wapi. Bia ya chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe halisi, yaani ethanoli. Mwili wa mtu mzima wa kawaida unavunja gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Chupa moja ni kazi ya saa mbili au zaidi. Aliyemaliza ya nne saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye usukani na damu yake huenda bado haijasafika.

Uvunjaji wenyewe una hatua mbili. Kimeng'enya kiitwacho ADH kinaigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi. Kisha kimeng'enya kingine, ALDH2, kinaigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, jamii ya kile kilichomo kwenye siki. Asetati mwili unaichoma kama nishati, haina shari. Shari iko kwa huyo wa katikati. Asetaldehaidi inajibandika kwenye protini na kwenye vinasaba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka asetaldehaidi inayotokana na unywaji katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Koo na umio ndivyo vinavyoumia zaidi.

Sasa hapa naomba umakini. Kitu hichohicho kinachouchoma mwili, kikitengenezwa ndani ya ubongo kinafanya kazi nyingine kabisa. Kinaleta raha.

Chini katikati ya ubongo kuna kundi dogo la seli za neva liitwalo VTA. Seli hizo zinapeleka dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za neva, mbele, kwenye eneo liitwalo nukleasi akumbensi. Njia hiyo haikuwekwa kwa ajili ya pombe. Iliwekwa ili ule, unywe maji, uzae, na kesho urudi kwenye kilichokufaa leo. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipachika nyaya nyembamba kwenye ubongo wa panya na kuwaachia kitufe cha kujipa umeme wenyewe. Waya ulipoangukia sehemu fulani, panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa. Tangu hapo watu wakajua kwamba hamu ina anwani yake kichwani.

Ethanoli inaigusa njia hiyo kwa zaidi ya mlango mmoja. Inaipa nguvu GABA, kemikali ya kutuliza. Inavibana vipokezi vya NMDA, ambavyo kazi yake ni kuamsha. Inaufanya ubongo umwage endofini, yaani morfini ya mwili wenyewe. Haya yako vitabuni. Kinachozungumzwa kidogo ni hiki: kama dawa ya ubongo, ethanoli ni dhaifu mno. Sigara moja inamwingizia mvutaji nikotini miligramu 1 hadi 2 hivi, na kiasi hicho kikirudiwa kinatosha kumfunga maisha yake yote. Pombe lazima uinywe kwa makumi ya gramu. Ndiyo maana kuna watafiti waliokaa wakajiuliza: je, mfanyakazi ni ethanoli, au ni kile ethanoli inachogeuka?

Nashusha sehemu ya pili muda si mrefu.

Mzee wa Rau

Nimeweka kambi hapa. Shusha mwalimu, sisi wengine mambo haya tunayaishi bila kuyajua majina yake.

Mfamasia wa Kihonda

Tuendelee.

Asetaldehaidi inayotengenezwa kwenye ini haifiki ubongoni kirahisi. Kuta za mishipa midogo ya damu inayolisha ubongo zina ALDH yake, inaivunja palepale. Ethanoli yenyewe inapita. Ikishaingia inakuta mazingira tofauti na ya ini, maana ADH humo kichwani karibu haina kazi. Anayeivunja ni katalesi, kimeng'enya kinachotumia haidrojeni peroksaidi. Hiki kinabeba kama asilimia 60 ya kazi hiyo ubongoni, na kingine kiitwacho CYP2E1 kinabeba kama 20. Kwa maneno mengine, ubongo unajitengenezea asetaldehaidi yake, mlemle ndani, jirani kabisa na seli za dopamini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwapa panya nafasi ya kujidunga kidogokidogo ndani ya VTA, sehemu ya nyuma. Panya walijidunga ethanoli. Walijidunga asetaldehaidi pia, ila hii iliwatosha kwa kiwango cha chini karibu mara elfu moja. Nikiwa mfamasia, hesabu kama hiyo ikinijia mezani, najua nimetazamana na dawa yenyewe. Kile kingine kinakuwa ganda lililoibeba.

Ushahidi ulionishika zaidi unatoka Chuo Kikuu cha Chile. Pale Santiago kuna koo mbili za panya zilizotunzwa tangu katikati ya karne ya 20: UChA ambao pombe hawaitaki, na UChB ambao ukiwawekea chupa ya maji na chupa ya pombe wanachagua pombe. Kundi la Yedy Israel na María Elena Quintanilla liliwachukua hao wanywaji, likawadunga kwenye VTA kirusi kilichotengenezwa maabara, kinachokwenda kuizima katalesi mahali hapo tu. Unywaji ukaanguka kwa hadi asilimia 95. Wakafanya na kinyume chake: wakapeleka kirusi chenye maagizo ya kutengeneza ADH, ili asetaldehaidi iongezeke palepale. Panya wakanywa mara mbili hadi mara tatu ya walivyokuwa wakinywa.

Pombe ni ileile, panya ni walewale. Kilichobadilika ni uwezo wa kona moja ndogo ya ubongo kuivunja.

Kuna jambo la pili kwenye tafiti hizo, nami naliona kubwa kuliko la kwanza. Walipowaacha panya wanywe kwa takriban miezi miwili ndipo wakaizima katalesi, unywaji haukushuka. Mlango ulioingiza pombe ukafungwa, na panya akaendelea kunywa kama kawaida. Kwa hiyo kinachomwanzisha mnywaji na kinachomshikilia ni vitu viwili tofauti. Nawaomba msilipite hili haraka, maana ndilo linalonifanya nibishane na kila anayesema "huyo anaendekeza starehe". Mtu aliyekunywa miaka kumi na tano, starehe ilishamtoka zamani. Anashikiliwa na kitu kingine.

Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walilitenganisha jambo hili mwaka 1993: kuna kufurahia na kuna kutamani, na kila kimoja kina njia yake ubongoni. Dopamini iko zaidi upande wa kutamani. Uraibu ukikomaa, kufurahia kunapungua huku kutamani kunapanda. Vipimo vya picha za ubongo vilivyofanywa na Nora Volkow na wenzake vimeonyesha pia kwamba kwa walioathirika na pombe, vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 vinakuwa vichache. Chakula, watoto, mpira, mazungumzo, vyote vinamfikia mtu vikiwa vimepoa.

Ngosha Mbishi

Mkuu nakuheshimu, lakini panya ni panya. Mimi nawajua watu waliokunywa gongo miaka ishirini, siku moja wakaokoka, wakaacha palepale. Mtu akiamua anaacha. Haya mambo ya vimeng'enya ndiyo yanawapa watu visingizio.

Msafiri254

Salamu kutoka Nakuru. Hii maelezo nimeipenda sana, lakini kuna kitu hainiingii. Umesema asetaldehaidi ndiyo inaleta raha. Nilisoma na Wakorea wawili campasi, wakikunywa glasi moja tu uso unakuwa mwekundu na moyo unadunda, wanawacha. Na tuliambiwa hao wana asetaldehaidi nyingi kushinda sisi. Sasa si wao ndio wangekuwa walevi wa kwanza duniani?

Mfamasia wa Kihonda

Msafiri, umegusa penyewe. Nianze na wewe, Ngosha nakuja.

Kuna watu wanaokadiriwa kufika milioni 540, wengi wao wa Asia ya Mashariki, waliorithi ALDH2 yenye hitilafu. Wakinywa, asetaldehaidi inarundikana damuni: uso unaiva, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu. Waliorithi nakala mbili za hitilafu hiyo karibu hawaonekani kabisa miongoni mwa walevi. Kwetu Afrika hitilafu hii karibu haipo. Sisi tunayo aina nyingine, ADH1B*3, inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee na inayoivunja ethanoli upesi, na tafiti kwa Wamarekani Weusi zimeihusisha na hatari ndogo ya utegemezi.

Jibu lako liko kwenye mahali. Moto ukiwa mafigani unapika, ukipanda paani unaunguza nyumba, na ni moto uleule. Asetaldehaidi ikijaa damuni inafungua mishipa, inaushtua moyo, inapindua tumbo, na adhabu hiyo inafika kabla raha haijapata nafasi. Ikitengenezwa kwenye VTA kwa kiasi kidogo, seli za dopamini zinaamka. Mtu mwenye ALDH2 nzima hapati adhabu. Anabakiwa na raha peke yake, na hiyo ndiyo hatari yetu.

Ngosha, hukukosea kwamba maisha yanayomzunguka mtu yana nguvu. Nakuletea takwimu za Wajapani, wa hukohuko Asia ya Mashariki. Miongoni mwa wagonjwa wa ulevi waliopimwa Japani, wenye nakala moja ya kinasaba hicho kinachowalinda walikuwa asilimia 2.5 mwaka 1979, wakawa 8 mwaka 1986, wakawa 13 mwaka 1992. Damu ya Wajapani haikubadilika kwa miaka kumi na mitatu. Kilichobadilika ni maisha: kunywa na wakubwa wa kazi, kunywa kila jioni. Jamii ikisukuma vya kutosha, hata mtu ambaye mwili wake unamwadhibu kila glasi atafika kwenye ulevi.

Na hao wako waliookoka, mimi naamini waliacha. Lakini tazama walichopata siku ile: marafiki wapya, mahali pengine pa kwenda jioni, watu wa kuwaulizia wasipoonekana. Hiyo yote ni kazi inayofanyika kwenye njia hiyohiyo ya dopamini. Sioni kwa nini kulijua jina la kimeng'enya kuwe kisingizio. Mgonjwa wa sukari akiijua insulini hatumwambii anajitetea.

Mzee wa Rau

Mwalimu, sisi huku Moshi mbege ni ya ndizi, tunachemsha, tunachanganya na kimea cha ulezi na maji ya msesewe. Kijana mmoja alinisomea mahali kwamba ndizi ina kitu kinachotokana na pombe ubongoni, kinaitwa salso sijui nini. Kuna ukweli?

Mfamasia wa Kihonda

Mzee wangu shikamoo. Anaitwa salsolinoli, na kijana alisoma sawa.

Asetaldehaidi ikikutana na dopamini zinaungana zenyewe na kuzaa salsolinoli. Tangu mwaka 1970 kumekuwa na wanasayansi wanaoshikilia kwamba dopamini na aldehaidi zikiungana zinazaa vitu vinavyokaribiana na morfini, na kwamba ulevi na uraibu wa kasumba vina ukoo mmoja. Wazo hilo lilizua ubishi mkali, maana watafiti walipokuja kupima salsolinoli kwa watu, majibu yalipishana, na sababu mojawapo ni hiyohiyo ndizi uliyoitaja. Ndizi na kakao vina salsolinoli ya asili. Mtu akila ndizi, kipimo kinapanda hata kama hajaonja tone.

Ondoa wasiwasi lakini: salsolinoli ya chakula haivuki kirahisi kuingia ubongoni. Ndizi haimlevyi mtu na mtori hauna hatia. Ya ubongoni ndiyo yenye habari. Ikidungwa kwenye VTA ya panya inaamsha seli za dopamini, na inapitia vipokezi vya opioidi, vilevile vinavyotumiwa na morfini na heroini. Vipokezi hivyo vinazizima seli za GABA zilizokuwa zinaishika dopamini isitoke ovyo. Mshikaji akilala, dopamini inamwagika.

Wanaoiona salsolinoli kuwa ndiyo mkono wa asetaldehaidi wanaegemea hapo. Wengine wanasema inayotengenezwa ni kidogo mno kufanya kazi hiyo. Mimi naegemea upande wa kwanza kwa kiasi, kwa sababu dawa zinazofunga vipokezi vya opioidi kweli zinapunguza unywaji kwa binadamu. Ila hilo linaweza kuelezwa na endofini peke yake: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wamekunywa, wakaona endofini ikimwagika kwenye nukleasi akumbensi na kwenye gamba la mbele la ubongo.

Mwana wa Pangani

Assalaam alaykum. Kaka mfamasia, nimesoma mwanzo mpaka hapa. Mimi nina mume, mtu mwema akiwa hajanywa, na watoto wanampenda. Nimeambiwa kuna vidonge vya kuacha pombe, unavisaga unamtilia kwenye chai bila yeye kujua, akinywa tu pombe anatapika mpaka anaichukia. Jirani anavyo na amekubali kunigaia. Nimtilie?

Mfamasia wa Kihonda

Waalaykum salaam dada yangu. Usimtilie. Nakuomba sana, hivyo vidonge usivisage.

Dawa hiyo ni disulfiramu. Historia yake ni hii: miaka ya 1940 huko Copenhagen, Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiitafiti kama dawa ya minyoo. Wakaimeza wenyewe kujipima, na baadaye kila walipokunywa pombe wakawa wanaugua vibaya. Mwaka 1948 wakatangaza kwamba inaweza kutumika kwa ulevi. Kazi yake ni kuifunga ALDH2. Inamfanya mtu yeyote awe kama wale Wakorea wa Msafiri, na zaidi yao.

Sasa fikiria mumeo amekunywa chai yako asubuhi, hajui. Jioni anakaa na wenzake, anakunywa kama alivyozoea, siyo glasi moja, chupa nyingi. Dakika 10 hadi 30 asetaldehaidi inapanda. Uso unawaka, kifua kinabana, anatapika, moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linaporomoka. Kwa mtu mwenye moyo au ini dhaifu, hapo anaweza kufa, na wenzake watadhani amelewa tu, watamlaza pembeni. Hata akifikishwa hospitali, daktari hatajua anatibu nini, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui alichomeza. Athari ya kidonge inaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili baada ya cha mwisho. Masharti ya dawa yenyewe yanakataza kumpa mtu asiyejua au aliyelewa, na anayeanza lazima awe amekaa angalau saa 12 bila pombe.

Na hata kama atanusurika, dawa hii haiifikii ile kiu tuliyoizungumza juu. Inaweka adhabu mwilini tu. Inawasaidia wale waliokubali wenyewe, wanaoimeza mbele ya mtu wanayemwamini, kwa sababu asubuhi moja mtu anaamua kwa ajili ya siku nzima. Bila ridhaa yake inabaki kuwa sumu ndani ya chai, na siku akijua, hatakunywa tena chochote kinachotoka mkononi mwako.

Naomba uniambie: asubuhi kabla hajanywa yukoje?

Mwana wa Pangani

Anatetemeka mikono kaka. Kikombe hakishiki vizuri mpaka azimue. Mwaka jana, wakati wa Ramadhani, alijizuia, siku ya pili akaanguka akatupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Wakasema amechezewa. Shemeji yangu anataka safari hii tumfungie ndani wiki nzima ili imtoke.

Ngosha Mbishi

Dada pole sana. Mkuu mjibu huyu kwanza, ubishi wangu nauweka pembeni.

Mfamasia wa Kihonda

Dada, msimfungie ndani. Hili nalisema kwa uzito wote nilionao.

Mumeo hakuchezewa. Ubongo unaopata pombe kila siku kwa miaka unajirekebisha ili uweze kufanya kazi humo ndani ya pombe: vipokezi vya kutuliza unavilegeza, vya kuamsha unaviongeza. Pombe ikitoka ghafla, upande wa kuamsha unabaki peke yake bila mpinzani. Ndiyo mitetemo ya asubuhi, jasho, moyo kwenda mbio. Kuanguka kwa degedege kunatokea zaidi kati ya saa 6 na saa 48 tangu chupa ya mwisho, na siku ya pili uliyoisema inaangukia humohumo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne kunaweza kuja hali mbaya zaidi, mtu anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi, homa inapanda. Hiyo inaua. Vijana wa unga wanaijua arosto, lakini arosto ya heroini inamtesa mtu na mara chache inamuua. Ya pombe inaua kirahisi zaidi, na mitaani watu wanadhani ni kinyume.

Kuzimua kunampa nafuu kwa sababu kunarudisha kile ubongo ulichokizoea. Hata aliyezidisha jana tu, uchovu wa asubuhi unamkolea pombe inapoelekea kwisha damuni. Ila anayehitaji kuzimua kila siku ndipo mikono itulie, huyo ameshakuwa tegemezi wa mwili.

Fanyeni hivi. Msimzuie ghafla nyumbani, aendelee na kiasi alichozoea bila kuongeza mpaka mmfikishe hospitali, ya mkoa au ya rufaa, siyo duka la dawa, na duka langu likiwemo. Mweleze daktari mambo mawili bila kuficha: anakunywa kila siku, na aliwahi kuanguka degedege alipoacha. Watamshusha kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, na watampa vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa. B1 hiyo kwa mgonjwa kama huyu inatakiwa itangulie dripu ya glukosi, maana glukosi ikitangulia inaweza kuuharibu ubongo uliokauka vitamini. Unaruhusiwa kabisa kuuliza kama amepewa. Kwa wa mbali, hospitali za afya ya akili zipo: Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika. Akianguka tena kabla hamjafika, mlazeni ubavu, msimwekee kijiko mdomoni, mkimbizeni.

Msafiri254

Dada Mungu akutangulie. Mkuu, wakishamaliza hospitali, amerudi mtaani, baa ni ileile kwa kona. Kiu itarudi, ama?

Mfamasia wa Kihonda

Itarudi, na hapa ndipo yule wa mwisho kwenye mnyororo anapoingia, asetati, niliyesema haina shari. Niongeze kidogo. Mwaka 2019 kundi la Shelley Berger wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kwa panya kwamba asetati inayotoka kwenye ini inasafiri na damu hadi ubongoni, na humo inachukuliwa na kimeng'enya kiitwacho ACSS2 na kubandikwa kwenye protini zinazofunga vinasaba, kwenye sehemu ya kumbukumbu. Vinasaba vya kujifunza vinafunguka. Panya wa kawaida waliopewa pombe kwenye chumba fulani walirudi kukipenda chumba hicho. Waliopunguziwa ACSS2 hawakukipenda.

Kwa hiyo kila unywaji unaandika mahali ulipofanyika. Kona ile, kiti kile, moshi wa nyama choma, wimbo unaopigwa Ijumaa. Mtu aliyetoka hospitali akiwa safi anapita pale, na kiu inamjia kabla hajafikiria chochote. Wanaofanya ushauri nasaha mzuri wanaanza na ramani: unapitia wapi ukitoka kazini, nani anakupigia simu mwisho wa mwezi, hela unaishika saa ngapi. Kwa mume wa dada yetu, njia ya kurudi nyumbani ibadilishwe mapema, na mshahara upitie mkononi mwa mtu waliyekubaliana wote wawili.

Dawa za kukata kiu zipo. Naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa ulevi mwaka 1994, inafunga vipokezi vya opioidi ili endofini, na pengine salsolinoli, vikose pa kushika. Wengi wanaoitumia wanasema pombe inakuwa haina utamu, na chupa ya kwanza haiiti ya pili. Ini lazima lipimwe kwanza. Akamprosati ni nyingine, inasaidia zaidi kwa ambaye tayari ameacha, na figo ndizo za kupima. Zote mbili ni za kuandikiwa na daktari, na upatikanaji wake unatofautiana mji hadi mji, hivyo ulizeni hospitali za rufaa kabla ya kuzunguka mtaani.

Kuna tahadhari moja ya naltreksoni ambayo wagonjwa hawaisemi kwa aibu. Kama mtu anatumia pia heroini, yuko kwenye methadoni, au anameza tramadoli au kodeini kila siku, kidonge hicho kitamwangusha kwenye arosto kali ndani ya saa moja hivi. Daktari aambiwe hilo kabla ya kidonge cha kwanza.